Albamu ya Pili ya Wilco: Kantri Imejificha Wapi?

Swali la msomaji: "Mwalimu, huu ni mwaka wangu wa nne hapa Chicago, lakini mimi ni mzaliwa wa Nakuru. Kwetu kila Jumapili asubuhi ilikuwa Jim Reeves na Kenny Rogers mpaka chai inapoa mezani. Mwenzangu kazini aliposikia napenda kantri akaniazima albamu ya Being There ya Wilco, CD mbili, akasema hawa ni watu wa huku huku na hii ndiyo kantri yao. Nimeweka CD ya kwanza nikapokewa na kelele, na mwisho wa wimbo mtu anapiga mayowe. Kantri iko wapi? Kwa nini wimbo mmoja umerekodiwa mara mbili? Na kama nyimbo ni 19 tu, CD mbili za nini? Niendelee, au nimrudishie vitu vyake kwa heshima?"

Jibu: Usimrudishie bado, dada yangu. Umeingia nyumba hii kwa mlango wake mgumu kuliko yote, na wenyewe waliuweka mbele makusudi. Kabla sijakueleza kwa nini, fanya jambo moja leo. Ruka wimbo wa kwanza, nenda wa pili, "Far, Far Away". Haufiki hata dakika nne. Utasikia gitaa la chuma, lile la kulazwa, lenye pedali na chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi, ambalo sauti yake inapanda na kushuka kama mtu anayejizuia asilie. Analipiga Bob Egan. Juu yake Jeff Tweedy, mwimbaji na kiongozi wa Wilco, anaimba polepole kumtamani mtu aliye mbali, na katikati ya wimbo anaitaja CTA, hizo hizo treni na mabasi ya Chicago ambayo nadhani unapanda kila siku. Huo ni wimbo wa kantri usio na shaka yoyote. Baba yako angeusikiliza Jumapili asubuhi bila kuuliza ni nani hawa. Kwa hiyo kantri ipo. Kazi yetu ni kuelewa kwa nini imewekwa nambari mbili na kelele zikawekwa nambari moja.

Lakini kwanza niseme neno juu ya Jim Reeves, kwa sababu swali lako linamhusu kuliko unavyodhani. Sauti ile laini unayoikumbuka, mtu anaimba karibu na kipaza sauti kana kwamba anakunong'oneza, haikuwa kantri ya asili. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Reeves na mtayarishaji wake Chet Atkins pale Nashville, kitovu cha biashara ya kantri, waliamua kuondoa fidla na gitaa la chuma, wakaweka piano tulivu, vinanda vya nyuzi na waitikiaji wa sauti nyororo. Walitaka kantri iingie sebuleni kwa watu wa mjini. Ikaingia kweli, ikavuka bahari, ikafika mpaka Nakuru. Wapo wapenzi wa kantri ya zamani waliosema kwamba huo si muziki wao tena. Na Kenny Rogers? Mwaka 1968, akiwa na kundi la The First Edition, alivuma Marekani kwa wimbo wa roki ya kizunguzungu uliokuwa na gitaa lililochezwa kinyumenyume. Kofia ya kantri aliivaa baadaye. Wazee wako wawili wa Jumapili, basi, mmoja aliihamisha kantri kutoka shambani na mwingine aliingia akitokea nje. Ubishi wa "hii ni kantri au siyo" una umri sawa na muziki wenyewe.

Sasa twende Belleville. Ni mji mdogo wa Illinois, ng'ambo ya mto Mississippi ukitokea St. Louis. Hapo ndipo walikokulia Jeff Tweedy, Jay Farrar na mpiga ngoma Mike Heidorn, vijana waliopenda pank, ile roki ya kasi na hasira, kwa moyo wote. Mwaka 1987 wakaunda bendi ya Uncle Tupelo. Kilichowatofautisha na mamia ya vijana wengine wenye magitaa yanayonguruma ni kwamba walirudi nyuma pia, kwa Carter Family, kundi la familia moja la enzi za mwanzo za kantri, na wenzao wa wakati ule, wakaona kwamba wimbo wa mwaka 1936 kuhusu umaskini una hasira na upweke ule ule wanaousikia kwenye pank. Albamu yao ya kwanza ya 1990 waliipa jina la No Depression, kutokana na wimbo huo huo wa Carter Family walioupiga upya. Miaka mitano baadaye likaanzishwa jarida kule Seattle lenye jina hilo hilo, likawa msemaji wa harakati nzima ambayo watu wameizoea kwa jina la kantri mbadala.

Mbadala wa nini? Wa Nashville ya wakati ule. Redio za kantri mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilijaa muziki uliosafishwa mpaka ukateleza, wa viwanja vikubwa na kofia mpya. Vijana wa Belleville na wenzao walitaka vumbi lirudi. Gitaa la chuma ambalo Nashville ililitoa sebuleni, hawa wakaliokota, wakaliweka kando ya gitaa la umeme lenye mkwaruzo. Ndiyo maana nasema usiwahukumu kwa kelele. Kwa namna fulani wao ni wahafidhina kuliko Jim Reeves.

Uncle Tupelo ilidumu kwa albamu nne. Farrar na Tweedy hawakuweza tena kukaa chumba kimoja, Farrar akatangaza kuondoka, na onyesho la mwisho likafanyika St. Louis tarehe 1 Mei 1994. Wewe uliyekulia Kenya unaijua hadithi ya aina hii. Simba Wanyika walipogawanyika mwaka 1978 na Les Wanyika wakazaliwa, mashabiki walikaa vikao kupima nani amebaki na roho ya bendi. Huku ikawa vivyo hivyo. Farrar akamchukua Heidorn, wakaanzisha Son Volt. Tweedy akabaki na waliobaki, yaani John Stirratt wa besi, Ken Coomer wa ngoma na Max Johnston wa fidla, banjo na mandolini, wakajiita Wilco. Ni neno linalotumiwa na watu wa simu za upepo, lenye maana ya "nitatekeleza".

Albamu ya kwanza ya Wilco, A.M., ilitoka Machi 1995. Ni albamu nzuri, changamfu, ya kantri iliyochanganywa na roki, na haina kosa kubwa isipokuwa kwamba ingeweza kutengenezwa na mtu mwingine. Septemba mwaka huo huo Son Volt wakatoa Trace, na karibu kila aliyezisikia zote mbili alisema Farrar ameshinda. Miaka yote ya Uncle Tupelo, Tweedy ndiye aliyeonekana mdogo, mchangamfu, mwenye nyimbo nyepesi, na Farrar ndiye mwenye sauti ya mzee na maneno mazito. Sasa kila mtu aliyefikiri hivyo alikuwa na ushahidi mkononi.

Hapo ndipo albamu ya pili inapokuwa jambo la kufa na kupona. Albamu ya kwanza mtu huimba alichokusanya tangu utotoni. Ya pili anaulizwa: haya, zaidi ya hayo una nini? Tweedy angeweza kurudi kwenye kantri ile ile kwa nguvu zaidi ili amshinde mwenzake kwenye uwanja wa mwenzake. Badala yake aliacha kushindana. Mwaka huo wa 1995 mambo mawili yalimbadilisha. Mkewe alijifungua mtoto wao wa kwanza mwezi Desemba, naye akajikuta anajiuliza ni mtu gani huyu ambaye ana familia nyumbani lakini maisha yake yako ndani ya gari la bendi. La pili ni kuingia kwa Jay Bennett, kijana mwenye mikono ya ajabu ambaye alikuwa fundi wa kutengeneza deki za video. Mpe gitaa, atapiga. Mpe piano, kinanda, chochote, baada ya nusu saa kimeshakuwa chake. Tweedy ghafla akawa na mtu wa kumwambia, "Hebu tujaribu hivi," na kikajaribiwa kweli.

Being There ilitoka tarehe 29 Oktoba 1996. Sasa rudi kwenye wimbo wa kwanza, "Misunderstood", ule uliokufukuza. Usikilize ukijua hili: zile kelele za mwanzo ni wanabendi waliobadilishana vyombo, kila mtu anapiga asichokimudu. Yaani watu waliosifiwa kwa ustadi wanaamua kuanza albamu yao kama wanagenzi. Kisha zinakatika ghafla, na kinachobaki ni sauti moja tu, gitaa kavu na piano. Kijana amerudi mtaa wake wa zamani. Sigara ni tamu, kuna sherehe mahali fulani, hajui kama aende. Bado anaupenda muziki wa roki kuliko kitu chochote, na hakuna anayemwelewa. Baadhi ya mistari ilitoka kwa Peter Laughner, mwanamuziki wa Cleveland aliyefariki mwaka 1977 akiwa na miaka 24. Kwa hiyo ndani ya wimbo kuna marehemu anayeimba pamoja na aliye hai, na anayejua habari za Laughner husikia baridi ikipita mgongoni.

Halafu muziki unakua. Wewe uliyezoea rumba unajua wimbo unavyotembea polepole kwenye beti kisha ukafika kwenye chemko, magitaa yakashika kasi na miguu ikasimama yenyewe. Hapa nako kuna chemko, lakini ni la uchungu. Kelele zinarudi, zinaondoka, zinarudi tena kubwa zaidi, na mwishoni Tweedy anawashukuru wote kwa kutompa chochote. Neno hilo moja, "nothing", analirudia, analirudia, mpaka sauti inamkauka na maana inatoka kwenye neno na kuingia kwenye koo lake. Hayo ndiyo mayowe uliyoyasikia. Anayeyapiga amegundua kwamba kitu alichokipenda kuliko vyote, muziki, hakikumuahidi chochote, na bado hawezi kukiacha.

Ukilishika hilo umeishika albamu yote. Nyimbo nyingi humu zinazungumzia mtu na muziki anaoupenda: anayeupiga, anayeusikiliza, anayeachwa nao usiku. CD ya pili inafunguliwa na "Sunken Treasure", nayo ni ndefu, zaidi ya dakika 6, nayo inaishia kwenye kelele, kama kaka yake wa CD ya kwanza. Humo anakiri kwamba muziki ni mwokozi wake, kisha anasema roki ndiyo iliyomlemaza, ndiyo iliyomfuga, na ndiyo iliyompa jina. Sijui wanamuziki wengi waliowahi kusema mambo hayo yote ya kitu kimoja, kwa pumzi moja, bila kuchagua upande. "Someone Else's Song" ni gitaa kavu na sauti basi, na ndani yake anakubali kwamba kila anachokuimbia kinafanana na wimbo wa mtu mwingine. Kumbuka kwamba huyu ni mtu aliyekuwa akiambiwa kila siku yeye ni kivuli cha Farrar. Hakubisha. Alilitungia wimbo jambo hilo.

Wimbo ninaoupenda kuliko yote ni "The Lonely 1". Ni wa pili kutoka mwisho, na wengi huuruka. Anayezungumza ni shabiki. Ametoka kwenye onyesho, amemtazama msanii wake akiwa kwenye mwanga, sasa amefika nyumbani peke yake na kwenye simu hakuna ujumbe hata mmoja. Nani mpweke hapo, yule wa jukwaani au huyu wa sebuleni? Fidla na gitaa la chuma zinapita kwa mbali, taratibu mno. Nikiusikiliza huo ndipo ninapomwona Jim Reeves kabisa, maana naye aliimba juu ya mtu na simu na umbali usiovukika, sauti chini, bila kulalamika. Dada yangu, kama unatafuta mahali ambapo Jumapili za Nakuru zinakutana na Chicago, weka CD ya pili, wimbo wa nane.

Wimbo uliorekodiwa mara mbili sasa. Kwenye CD ya kwanza unaitwa "Outtasite (Outta Mind)", kwenye ya pili jina limepinduliwa, "Outta Mind (Outta Sight)". Maneno karibu ni yale yale. Wa kwanza ni roki ya kukimbia, magitaa mbele, mtu aliyeachwa anajifanya hajaumia. Wa pili umepunguzwa mwendo, piano imechukua usukani, sauti zimepangwa moja juu ya nyingine kama nyimbo za California za miaka ya 1960, na yule aliyejifanya hajaumia anasikika ametulia mpaka unamhurumia. Mwenye kuutunga wimbo kwa kawaida hulazimika kuchagua vazi moja, na hapa bendi imekuonyesha kabati. Ukitaka kuelewa kantri mbadala ni nini, huna haja ya kusoma sana. Sikiliza hizo mbili mfululizo.

Na kuhusu CD mbili, una jicho zuri. Jumla ni dakika kama 77, ambazo kwa kubanwa zingeenea kwenye CD moja. Lakini kila nusu ni kama dakika 40, yaani urefu wa santuri moja ya zamani, pande zake zote mbili. Tweedy alitaka msikilizaji asimame, apumue, aamue kama anataka kuendelea. Nusu zote mbili zinaanza na wimbo mrefu wenye kelele, kila moja ina safari yake kamili. Tatizo likawa bei. Albamu ya CD mbili huuzwa ghali, naye hakutaka mashabiki wake walipe zaidi. Wakakubaliana na kampuni ya Reprise kwamba iuzwe kwa bei ya CD moja, na bendi ikubali kupunguziwa mrabaha. Kufikia mwaka 2003 ilikadiriwa kwamba uamuzi huo ulikuwa umewagharimu karibu dola 600,000. Ni fedha nyingi kwa bendi ambayo albamu yake ilifika nafasi ya 73 kwenye orodha ya Billboard ya albamu 200 zinazoongoza Marekani, na si zaidi, ingawa hata hiyo nafasi ilikuwa hatua kubwa, kwani A.M. haikuingia kabisa kwenye orodha hiyo ya 200. Mimi nauheshimu sana uamuzi huo. Mtu anayeimba kwamba muziki haukumpa chochote, kisha akatoa mfukoni mwake ili mwingine aupate kwa bei nafuu, maneno yake yana uzito.

Nisikufiche kwamba si kila wimbo umesimama sawa. "Why Would You Wanna Live" naona ungeachwa nje bila hasara, na "Kingpin" ni mchezo mzuri wa jukwaani ambao ndani ya nyumba unachosha mapema. "Monday", wenye matarumbeta, unafuata nyayo za Rolling Stones kwa karibu mno, na wachambuzi wengi waliilinganisha albamu nzima na Exile on Main St. ya 1972, nayo ikiwa ya santuri mbili, yenye vumbi na kantri na mvurugiko. Ulinganisho huo nauelewa, lakini unaficha jambo. Rolling Stones wanasikika kama watu wanaojua wao ni Rolling Stones. Wilco hapa hawajui wao ni nani, na wanakuruhusu uwasikie wakitafuta.

Walivyotafuta waliendelea hadi wakaiacha kantri karibu kabisa. Max Johnston aliondoka baada ya albamu hii, na fidla na banjo zikapungua pamoja naye. Egan, yule wa gitaa la chuma, akaingia kwenye bendi. Mwaka 1999 ilitoka Summerteeth, imejaa vinanda, na mwaka 2002 Yankee Hotel Foxtrot, ambayo huenda mwenzako atakuazima baadaye. Kwa hiyo ulichonacho mkononi ni albamu ya katikati ya mto. Mguu mmoja bado uko Belleville.

Nikuelekeze namna ya kuisikiliza. Usianze nambari moja. Anza na "Far, Far Away", kisha "Forget the Flowers", ambao mwendo wake ni wa kantri moja kwa moja, utautambua mara moja. Kisha "What's the World Got in Store". Hapo pumzika siku moja. Siku ya pili weka CD ya pili, "Someone Else's Song" na "The Lonely 1". Sikio likishazoea sauti ya Tweedy, maana ni sauti yenye mikwaruzo na haina ulaini wa Reeves hata kidogo, ndipo urudi kwenye "Misunderstood", kwa sauti ya juu, ukiwa peke yako, na uuache ufike mwisho.

Wimbo wa kumalizia, "Dreamer in My Dreams", uweke wakati una wageni. Ni fidla, vicheko, gitaa la chuma, mtu aliyekaukiwa sauti anaimba kwa zaidi ya dakika 6 huku bendi ikitishia kuanguka kila baada ya beti. Ni ngoma ya kienyeji ya kusini mwa Illinois, na ukipata nafasi mpigie baba yako simu Jumapili, umwekee kipande. Halafu uniandikie alisema nini.